Mombasa bila kiingilio: zuru bure, urudi Eldoret mzima

Jirani yangu wa mtaa wa Kapsoya, hapa Eldoret, alirudi kutoka Mombasa mwezi wa Januari akiwa na furaha tele. Alikuwa ametimiza ahadi aliyowawekea wanawe kwa miaka mitatu, kwamba siku moja wangeiona bahari. Tulipokutana dukani alinieleza kwamba hakulipa chochote ila nauli, malazi na chakula.

"Jirani, waliotuambia Mombasa ni ya matajiri walitudanganya," akasema. "Miguu yako tu! Ukitaka feri, bure. Ukitaka ufuo, bure. Ukitaka kutazama meli, bure."

Siku ya kumi na mbili baada ya kurejea, bintiye wa miaka sita akaanza kutetemeka na mwili ukawa moto. Mamake akadhani ni baridi ya Eldoret, akanunua dawa ya mafua dukani. Siku ya tatu mtoto akapatwa na degedege usiku, ndipo akakimbizwa hospitalini. Damu ilipopimwa alikutwa na malaria. Mungu bariki, alipona, lakini baada ya siku kadhaa wodini. "Kila kitu kilikuwa cha bure isipokuwa hiki," jirani akaniambia, na safari hii hakuwa akicheka.

Msomaji, makala haya hayakukatazi kwenda Pwani. Kinyume cha hayo, yanakuhimiza uende, kwani kutembea, kuogelea na kupumzika ni dawa ambazo hazina risiti. Bali yanakukumbusha kwamba burudani ya bure hulipiwa na mwili: na miguu, jasho, ngozi na damu. Mwenye kuutayarisha mwili hufurahia, na asiyeutayarisha huja kulipa baadaye.

KWA NINI MTU WA ELDORET AJIHADHARI ZAIDI?

Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi na baridi. Mchana joto mara nyingi huwa kati ya nyuzi 23 na 25, na usiku tunajifunika blanketi mbili. Mombasa iko baharini kabisa. Kati ya Desemba na Machi, wakati pepo za kaskazi zinapovuma, joto la mchana hufika nyuzi 31 hadi 33, na hewa imejaa unyevu.

Unyevu huo ndio adui usiyemwona. Mwili hujipoza kwa kutoa jasho, na ni kukauka kwa jasho kunakoondoa joto. Hewa ikiwa imejaa maji, jasho hutiririka bila kukauka. Unalowa lakini hupoi. Mwenyeji wa Mombasa amezoea. Mwili wa mgeni huhitaji siku 7 hadi 14 kabla ya kulizoea joto, ilhali likizo ya wengi wetu ni siku nne au tano. Yaani tunarudi nyumbani kabla mwili haujajua umefika wapi.

Jambo la pili ni malaria. Pwani ni eneo la malaria, na huku kwetu nyanda za juu ugonjwa huo si wa kila siku. Kwa hiyo watoto waliozaliwa na kulelewa Eldoret hawana kinga dhidi yake. Hata wewe uliyekulia magharibi mwa nchi ambako malaria ni nyingi, ukiwa umekaa nyanda za juu kwa miaka mingi, usijidanganye kuwa bado una kinga ya utotoni. Hiyo hupungua mtu asipoishi tena penye ugonjwa.

ANZA NYUMBANI, WIKI NNE KABLA

Tunajivuna kwamba mji wetu, uliotawazwa kuwa jiji tarehe 15 Agosti 2024, ni makao ya mabingwa wa riadha. Lakini wangapi miongoni mwetu hupanda bodaboda kutoka stendi hadi nyumbani, mwendo wa dakika kumi na tano tu? Bingwa ni jirani yetu. Mapafu yake si yetu.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate mazoezi ya wastani ya dakika 150 hadi 300 kila wiki. Dakika 30 kwa siku tano zinatosha kutimiza kiwango cha chini. Wastani maana yake ni mwendo ambao unaweza kuzungumza ukiwa unatembea lakini huwezi kuimba.

Fuata ratiba hii. Wiki ya kwanza tembea dakika 15 kila siku. Wiki ya pili, 20. Wiki ya tatu, 30. Wiki ya nne, 45, ukiwa umevaa viatu vile vile utakavyokwenda navyo. Viatu vipya havizinduliwi Mombasa, kwani malengelenge ya siku ya kwanza yatakufungia chumbani siku zote zilizobaki. Njia za kutembea hazikosekani: barabara zenye miti za Elgon View, au mwendo wa kutoka kazini hadi Huruma, Langas au Kapsoya mchana kungali kweupe.

Mwenye shinikizo la damu, kisukari au ugonjwa wa moyo amwone daktari kabla ya safari. Dawa nyingine za presha huongeza mkojo, na kwenye joto kali huweza kumkausha mtu maji. Usiziache kwa hiari yako, bali muulize daktari. Beba dawa za siku zote za safari na akiba ya siku chache. Mwenye kutumia insulini aihifadhi mahali pa baridi, asiiache kamwe ndani ya gari lililofungwa juani.

Safari yenyewe ni ya kilomita 800 hivi. Anayekaa kwenye basi usiku kucha bila kunyoosha miguu huivimbisha, na wakati mwingine damu huganda kwenye mishipa. Kila basi linaposimama, shuka utembee. Ukiwa umeketi, pandisha na kushusha visigino mara kwa mara.

SIKU MOJA YA BURE, KWA SAA ZAKE

Siri ya kuzuru Mombasa bila kulipa wala kuugua ni kulifuata jua kama wafanyavyo wenyeji: kutoka mapema, kujificha mchana, kutoka tena jioni.

Saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi. Nenda Mama Ngina, ukingo wa bahari upande wa kusini wa kisiwa. Mahali hapa palikarabatiwa, na Sikukuu ya Mashujaa ya mwaka 2019 ilifanyiwa hapo. Pana njia pana ya miguu, viti vya kukalia na mibuyu mikubwa. Utaziona meli zikiingia bandari ya Kilindini, karibu hivi kwamba mtoto anaweza kuhesabu makontena. Tembea dakika 45 hapa, upepo ungali baridi, na mazoezi yako ya siku yamekwisha.

Kutoka hapo si mbali na kivuko cha Likoni. Waendao kwa miguu hawalipi nauli ya feri. Kwa mtoto wa bara ambaye hajawahi kupanda chombo cha majini, kwenda na kurudi ni karamu. Lakini uingie kwa utulivu. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka na watu 272 wakafa maji. Usikimbilie feri inayoondoka, usiegemee ukingo, umshike mtoto mkono muda wote, na umngoje mzigo na mkokoteni mbele yako upite.

Saa tatu hadi saa tano. Huu ni wakati wa Mji wa Kale. Nyumba zake zimejengwa karibu karibu, vichochoro ni vyembamba, na kwa hivyo kivuli ni kingi. Tazama milango ya nakshi na roshani za mbao. Msikiti wa Mandhry, unaosemekana kujengwa mwaka 1570, uko humu. Ngome ya Fort Jesus, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011, hutoza kiingilio. Hata hivyo kuta zake za nje, ambazo ndizo zinazotisha zaidi, hutazamwa bure.

Vaa nguo za heshima, kwani huu ni mtaa wa watu, si maonyesho. Mpigie mtu hodi kabla ya kumpiga picha. Nguo nyepesi za pamba zenye mikono mirefu zinakufaa mara mbili: zinamheshimu mwenyeji na kukukinga na jua. Muuza kahawa mmoja mzee wa huko aliniona nimesimama katikati ya njia nikitokwa na jasho, akaniita, "Mwanangu, tembea kivulini. Jua la hapa si la kwenu bara." Sijapata ushauri wa daktari ulio bora kuliko huo.

Ukipenda soko, pita Marikiti uzinuse iliki, karafuu na bizari, kisha mtaa wa Biashara usome majina ya leso madukani. Kusoma hakutozwi senti. Ukiwa njiani, pembe kubwa za Moi Avenue, mahali wenyeji wanapopaita Mapembeni, zinapigiwa picha na kila mgeni. Nawe jipige yako.

Saa tano hadi saa kumi. Pumzika. Lala. Kula. Kaa chini ya mti. Usimpeleke mtoto ufuoni saa sita mchana eti kwa kuwa umelipa nauli ghali na unataka ifidiwe. Hizi ndizo saa ambazo jua huchoma ngozi, nyeusi na nyeupe. Watu wenye ualbino wasitoke kabisa bila kofia pana, nguo ndefu na mafuta ya kukinga jua.

Saa kumi hadi magharibi. Sasa ni zamu ya ufuo. Ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, huko Bamburi, uko wazi kwa kila mtu. Na ujue haki yako: Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 62, inahesabu ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Maana yake ni kwamba huwezi kupita ndani ya hoteli ya mtu bila ruhusa, lakini ule mchanga unaofunikwa na maji kisha ukaachwa ni wako kama ulivyo wa mgeni aliyelala ghorofani.

BAHARI INA SAA YAKE

Anayezoea mto Sosiani hajazoea bahari. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu huwa bamvua. Hapo maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti ya kina huweza kuzidi mita 3. Katikati ya vipindi hivyo ni maji mafu, ambapo tofauti ni ndogo.

Kwa hiyo mahali ulipotembea asubuhi maji yakiwa ya vifundoni pangeweza kukuzamisha jioni. Wageni wengine huvutwa na maji yaliyopwa, wakaenda mbali kuelekea mwambani wakitafuta makombe, kisha maji yakawazunguka nyuma. Muulize mvuvi au mwokoaji, "Maji yanajaa au yanatoka?" Swali hilo ni la bure, nalo limeokoa watu.

Kama hujui kuogelea, maji yasipite kiuno. Mtoto awe karibu nawe kiasi cha kumfikia kwa mkono, si kwa kumwita kwa sauti. Usiingie majini baada ya pombe. Vaa viatu vya plastiki, maana kwenye miamba kuna wadudu wa miiba mirefu myeusi. Ukichomwa, toa miiba inayoonekana, loweka mguu kwa maji ya moto unayoweza kuvumilia kwa nusu saa au zaidi, kisha nenda zahanati ukaulizie sindano ya pepopunda. Mwenye kisukari asitembee miguu mitupu hata kidogo. Mchanga wa moto huweza kumchoma naye asihisi.

JOTO LINAPOMZIDI MTU

Kunywa maji kabla ya kuona kiu. Kipimo rahisi ni mkojo: ukiwa mweupe au wa manjano hafifu, uko salama, ukiwa wa rangi ya chai, umechelewa. Beba chupa ya maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa. Aliyeharisha au kutokwa na jasho jingi apewe maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi.

Mtu akiona kizunguzungu, kichwa kikamuuma, akawa na kichefuchefu na jasho jingi, mweke kivulini, mlegezee nguo, mpe maji kidogo kidogo. Lakini akianza kuropoka, kutotambua watu, kuzirai au kupatwa na kifafa huku mwili ni moto kama pasi, hiyo ni hatari ya kufa. Mmwagie maji mwilini, mpepee, mkimbize hospitalini. Usimnyweshe kitu akiwa hana fahamu.

MBU: MGENI ASIYELIPA NAULI

Wengi wetu hulala kwa jamaa ili kupunguza gharama. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Basi usimwongezee mwenyeji wako mzigo wa kukutafutia chandarua. Beba chako chenye dawa. Mbu wa malaria huuma tangu jua linapotua hadi alfajiri. Kwa hivyo ufikapo magharibi, watoto wavae suruali ndefu na soksi, mjipake dawa ya kufukuza mbu, na kila mtu alale ndani ya neti hata kama kuna feni.

Mama mjamzito, mtoto wa chini ya miaka mitano, na mtu mwenye ugonjwa wa selimundu wako katika hatari kubwa zaidi. Hao, na yeyote asiye na kinga, wamwone daktari kabla ya safari awaeleze kama wanahitaji vidonge vya kuzuia malaria, maana baadhi huanzwa kabla ya kuondoka na huendelea kumezwa baada ya kurudi.

Mbu wa mchana naye yupo. Huyu hueneza homa ya dengi, ambayo imezuka Mombasa mara kadhaa, mathalani mwaka 2013, 2017 na 2021. Dalili zake ni homa ya ghafla, maumivu makali ya viungo na nyuma ya macho, na pengine vipele. Ukishuku ugonjwa huu usimeze aspirini wala ibuprofeni, kwa kuwa huweza kuzidisha kutokwa na damu. Tumia paracetamol kwa kipimo chake na uende hospitalini.

UKISHARUDI

Hapa ndipo jirani yangu alipokosea, na ndipo wengi hukosea. Viini vya malaria kali hujificha mwilini kwa kawaida siku 7 hadi 14 baada ya kuumwa na mbu, na pengine zaidi, kabla ya homa kuanza. Homa huja ukiwa umeshafua nguo za safari, watoto wamerudi shuleni, na Eldoret inanyesha. Ndipo tunasema ni mafua.

Kanuni ni hii: mtu yeyote aliyetoka Pwani, akipatwa na homa katika muda wa miezi mitatu, apimwe damu siku hiyo hiyo. Ufikapo kwa muuguzi, sentensi yako ya kwanza iwe, "Nilikuwa Mombasa." Usingoje akuulize, maana hapa kwetu huenda asiwazie malaria upesi. Ukipewa dawa za mseto, zimalize zote hata kama umepata nafuu siku ya pili.

JIPIME

1. Mgeni huhitaji siku ngapi mwili wake uzoee joto? (Siku 7 hadi 14.)
2. Saa zipi ni za kupumzika kivulini? (Saa tano mchana hadi saa kumi.)
3. Utamuuliza nini mvuvi kabla ya kuingia baharini? (Kama maji yanajaa au yanatoka.)
4. Mtoto amepata homa wiki mbili baada ya kutoka Mombasa. Utafanya nini? (Apimwe damu siku hiyo hiyo, na muuguzi aambiwe alikotoka.)

Jirani yangu anapanga kurudi tena Desemba ijayo. Binti mwenyewe ndiye anayemsumbua, anataka kupanda feri. Safari hii familia yote inatembea kila jioni kutoka stendi hadi nyumbani, na kwenye orodha ya mizigo, juu kabisa kabla ya nguo za kuogelea, mama ameandika: vyandarua vitatu.